Nyongeza

Kiriri, kilima cha matajiri, hakuna anayekwenda kwa miguu ila mwenye shida. Shakuru alipanda kilima hicho mchana kweupe, gitaa mgongoni ndani ya mfuko uliokwisha kushonwa mara nyingi, kwa sababu esansi ya magari ilikuwa imekatika tena mjini na teksi chache zilizobaki zilitaka bei ya kununulia mbuzi. Alipofika kwenye lango aliloelekezwa, mlinzi alimtazama viatu kwanza, uso baadaye.

"We unataka nani?"

"Mi napiga gitaa. Léonce ameniita."

"Pitia mulango ya nyuma. Huku mbele wanapita wageni."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Shakuru akazunguka nyumba, akapita penye mapipa ya takataka na mbwa aliyefungwa, akaingizwa katika chumba kilichobandikwa sponji ukutani kote, mikro ya kunasia sauti imesimamishwa katikati. Ndani walikuwamo watu wawili. Mmoja alikuwa Léonce, mpiga kinanda, mkuu wa orkestra ya harusi ambayo Shakuru alikuwa akiipigia kila kiangazi. Wa pili alikuwa kijana aliyeitwa Zénon, aliyerudi kutoka Ubelgiji na mashine zake, mpole, mwenye harufu ya sabuni nzuri.

"Karibu, grand," Zénon akasema, akimwita hivyo kama kaka mkubwa. "Leo hatupigi wimbo. Tunapima mikro tu. Utanipigia sauti moja moja. Kila kamba, kila mahali unapoweza kushika. Kwanza polepole, halafu kwa nguvu."

"Moja moja? Kama mutoto anajifunza?"

"Ndiyo, grand. Na usiguse ingine mpaka ya kwanza izimike kabisa."

Kazi ya ajabu, lakini ni kazi. Shakuru alikuwa amekaa miezi bila kuitwa popote. Kanisa la Wakongo walimwita wakamlipa sala, na baa za Bwiza siku hizi zinapiga muziki wa simu tu kwenye spika. Basi akakaa, akapiga sauti moja, akangoja ife, akapiga nyingine. Kunguru alipolia nje walirudia. Kamba ilipokwaruza kidogo, Zénon hakusikia, lakini Shakuru mwenyewe akasimamisha kazi.

"Apana, iyo ilikuwa mbaya. Turudilie."

Alirudia mpaka kila sauti ikatoka safi, kwa sababu hakujua kufanya kazi nusunusu. Léonce alikaa pembeni akichezea funguo za gari lake.

Walipomaliza, Zénon akafungua mtoto wa meza, akamlipa papo hapo, bila kubishana, bila "rudi wiki ijayo". Na hapo ndipo Shakuru alipofanya kosa, kosa la mtu wa Buyenzi. Baba yake aliuza maharage na mchele katika soko la mtaa huo maisha yake yote, naye alimfundisha kwamba mteja anayelipa bila kuvutana haachwi aondoke hivihivi. Kipimo kikishajaa, unamwongezea gao moja la mkono, ama sivyo baraka inatoka dukani. Marehemu alikufa hana kitu, lakini hakuna aliyewahi kununua kwake akakosa nyongeza.

"Ngojeni basi," Shakuru akasema, "niwape nyongeza."

Akakaa tena, akapiga kipande kifupi ambacho hajawahi kukipiga mbele ya mtu wa kulipa. Kilikuwa kipande cha mlangoni. Jioni, karibu na magharibi, alikuwa akiketi kizingitini na kukipiga ili kumwita binti yake Soumaya kutoka mtaani. Mtoto akikisikia, hata awe ng'ambo ya barabara, anatupa kamba ya kuruka na kukimbia nyumbani. Mkono wa Zénon ulikuwa umekwisha kugusa kitufe cha kurekodi.

"Iyo ni nini, grand? Iko tamu."

"Iyo ni ya kuita mutoto wangu."

Léonce akainama akatazama viatu vyake. Shakuru alipokuwa akifunga gitaa akamuuliza, kwa sauti ya chini ili yule kijana asisikie, "Léonce, na sezoni ya harusi?"

"Sezoni ikianza nitakuita, sha," akajibu kirafiki. "Si unajua."

Akateremka kilima akipiga mluzi. Hakuwa amefika hata nusu ya njia Zénon alipobonyeza kitufe kimoja cha kinanda, na gitaa likalia ndani ya chumba. Lilikuwa gitaa la Shakuru, na utamu wake, na ule mguso mdogo wa ukucha wake. Akabonyeza kingine, likaimba juu zaidi. Kwenye kioo cha mashine aliandika jina: SHAKURU.

"Kuanzia leo huna haja ya kumuita," akamwambia Léonce.

Léonce hakucheka. Naye ana watoto, na wateja wa siku hizi wanataka shangwe ya watu wanne kwa bei ya mtu mmoja. "Muandikie jina ingine," akasema.

"Sababu gani?"

Léonce akachukua funguo zake za gari, akatoka.

~

Soumaya hakuwapo tena mlangoni. Tangu baada ya Idi alikuwa Rumonge, mji wa mbali kusini kando ya ziwa, kwa Kudra, dada mkubwa wa mama yake. Walimwambia anakwenda kupumzika, lakini mtoto wa miaka tisa si mjinga. Aliona mwenye nyumba akichukua chumba kimoja kati ya viwili vyao, aliona mama yake, Khadidja, akichemsha maji matupu ili majirani waone moshi. Siku ya kuondoka aliuliza jambo moja tu: atarudi lini.

"Sezoni ya harusi ikianza," Khadidja alimwambia. "Papa akipata kazi, siku iyo iyo urudi."

Hiyo ndiyo ahadi iliyokuwa ikiishikilia nyumba ile. Pesa ya Kiriri ilikwenda kwa mwenye nyumba, kwa makaa na unga, ikaisha. Hawakulalamika, maana sezoni ilikuwa bado. Kila walipopata uniti za kupiga Rumonge, mtoto aliuliza kabla hata ya salamu:

"Papa amepata kazi?"

"Bado kidogo, mama," Shakuru alijibu. "Wewe kaa na mama mukubwa vizuri. Ujue kumusaidia."

"Namusaidia. Lakini huku watoto wake wanasema mi ni mugeni asiyeondoka."

Khadidja alimnyang'anya mumewe simu ili mtoto asisikie alivyonyamaza.

~

Mwezi wa saba ukaingia na vumbi lake, na Warundi wa Ulaya wanaorudi kuoa nyumbani. Hata esansi isipokuwapo, ya harusi haikosekani. Magari yalipita na maua puani, yakipiga honi mtaa mzima. Jumamosi ya kwanza simu ya Shakuru haikulia, na iliyofuata pia haikulia. Akaona kungoja ni kujidanganya, akaenda Bwiza kwenye stoo ya Léonce.

Lori lilikuwa likipakiwa. Mtu aliyebeba spika kubwa mgongoni, amepinda kama mwenye kuumwa, alikuwa Mawazo, mpiga besi, mkimbizi kutoka Uvira, ambaye kiangazi kilichopita alisimama kuume kwake jukwaani katika suti.

"Mawazo! We unabeba bafle? Na besi yako?"

Mawazo akashusha mzigo, akafuta jasho. Hakumtazama. "Besi iko ku nyumba, ndugu. Inalala."

Léonce akatoka, amevaa vizuri, na uso wake ukabadilika. "Shakuru, sha, nilikuwa nataka kukupigia. Siku izi wateja wanataka kitu kidogo. Mi na piano, na muimbaji. Basi."

"Na gitaa? Harusi bila gitaa?"

Léonce akageuza macho kwenye lori. "Lakini nafasi ya kubeba iko. Mawazo hawezi peke yake. Kila Jumamosi, na chakula juu."

"Mi nibebe?" Sauti ya Shakuru ikapanda, vijana wa lori wakageuka. "Mbele ya watu walioniona nikipiga? Mi napiga gitaa, Léonce. Kama unataka hamali, nenda bandarini, wako wengi!"

"Sijakutukana, sha."

"Umefanya nini basi?"

Mawazo alisikia yote. Yeye pia aliitwa Kiriri kupima mikro, naye alielewa siku ya harusi ya kwanza, spika ikiwa bado begani, alipoisikia besi yake ikinguruma na yeye mwenyewe hana kitu mkononi. Kumwambia mwenzake ilikuwa sawa na kupeleka habari ya msiba, na mjumbe wa msiba hakosi kuchukiwa. Akaona amwachie mtu mwingine. Akainua mzigo wake.

Shakuru hakumwambia mkewe habari za kubeba. Kila Jumamosi aliendelea kuvaa shati jeupe, akachukua gitaa, akasema, "Niko naenda kuangalia-angalia." Akishapinda kona alikwenda gereji kwa Huseni fundi, akakaa juu ya gurudumu bovu mpaka jua lishuke. Huseni hakumuuliza kitu. Alimpa chai, na siku zingine nusu ya mkate.

~

Khadidja hakuwa mwanamke wa kukaa akingoja mume. Geneviève, jirani yao Mkongo aliyeuza ndagala, dagaa wa ziwani, alimjia Jumamosi moja, Shakuru alipokuwa ametoka tu.

"Mama Soumaya, kule Kajaga kuko harusi ya bakubwa. Banatafuta banamuke ba kuosha sahani. Tuende?"

"Twende. Sahani hazina aibu."

Ukumbi ulikuwa ufukweni, jiko nyuma yake, limezungushiwa matete na pazia. Sheria ilikuwa moja: wanawake wa sahani hawapiti mbele, hata kumchungulia bibi harusi. Msimamizi alisimama penye pazia kuhakikisha. Sahani zilirudi na nyama ambayo watu wameionja tu na kuisukuma pembeni. Khadidja alimkumbuka mtoto wake kule Rumonge, akasugua kwa nguvu zaidi.

Alasiri muziki ukaanza. Ilisikika sauti ya mwimbaji, zikafuata ngoma, kisha gitaa likaingia, na mikono ya Khadidja ikasimama ndani ya povu. Aliijua sauti ile kama mtu anavyokijua kikohozi cha anayelala naye.

"Geneviève. Unasikia?"

"Nini?"

"Iyo gitaa. Iyo ni bwana yangu."

"Ako humu ndani? Na hakukuambia?"

"Alitoka asubuhi na gitaa yake, anajifanya hana habari! Amenificha. Alitaka aje na pesa mukononi, anishitue." Alicheka, macho yakamjaa machozi. Akajifuta, akaenda mpaka penye pazia.

"Mama, rudi kwa sahani," msimamizi akasema.

"Kidogo tu. Bwana yangu ndio anapiga gitaa."

"Hata kama bwana yako ndio anaoa."

Wanawake wote wakaangua kicheko, na Khadidja akacheka nao. Siku hiyo hakuna kitu kingemuudhi. Aliwaambia wote, hata wasiouliza: huyo anayepiga ni Shakuru wa Buyenzi, baba ya mtoto wangu. Wakamsifia. Mmoja akampisha kwenye kigoda.

Jua lilipoanza kuzama, kikaja kile kipande cha mlangoni. Léonce alikuwa nacho chote ndani ya kitufe kimoja, na alikwisha kugundua kwamba kila akikibonyeza wageni wananyanyua mikono juu. Khadidja akashika moyo. Akakausha mikono kwenye kitenge, akatoa simu kifuani, akapiga Rumonge.

"Kudra, nipe mutoto. Haraka, uniti zinaisha."

"Mama?"

"Usiseme kitu. Sikiliza tu."

Akainua simu juu ya matete. Kule Rumonge mtoto alisimama uani, simu imebanwa sikioni kwa mikono miwili, na watoto wa mama mkubwa wakimtazama. Kwanza alikunja uso. Kisha akapiga kelele iliyosikika mpaka Kajaga, juu ya muziki na watu.

"Papa ananiita!"

"Papa amepata kazi, mama yangu! Funga vitu vyako. Kesho urudi!"

Uniti zikaisha hapo.

~

Baada ya kazi Khadidja alingoja lango la nyuma ili warudi pamoja, lakini wanamuziki hutokea mbele. Akarudi na Geneviève, amebeba nyama ya mabaki ndani ya mfuko, hahisi miguu. Alimkuta Shakuru ameketi kitandani, gitaa limeegemea ukuta.

"Muongo wewe!" akasema mlangoni. "Umefika mbele yangu? Walikuleta na gari?"

"Nani?"

"Wacha. Nimekusikia. Nilikuwa jikoni kule Kajaga, naosha sahani. Nimekusikia mwanzo mpaka mwisho."

"Mama Soumaya, mi sijafika Kajaga. Nimeshinda kwa Huseni."

Khadidja aliendelea kucheka kidogo, kama mtu anayeteremka mlima asiyeweza kusimama mara moja. "Usinitanie, Papa Soumaya. Hata ile ya mutoto umeipiga."

"Ile gani?"

Akamwimbia. Aliimba yote mpaka mwisho, polepole, kicheko kikimtoka usoni kadiri alivyomwona mumewe akibadilika.

"Kulikuwa na piano?" Shakuru akauliza.

"Sikuona. Hawakuniacha nione."

Shakuru akaitazama mikono yake. Mambo yote yalimrudia: sauti moja moja, polepole, halafu kwa nguvu. Kunguru. Alivyowasimamisha yeye mwenyewe ili arudie zile mbaya, zitoke safi. Lori la Bwiza, na Mawazo asiyemtazama. Hasira ilimpanda ikakosa mtu wa kumwangukia, maana hakuna aliyemshika mkono. Alilipwa, akashukuru, akaongeza.

"Nimewauzia," akasema. "Mikono yangu nimewauzia. Na mutoto nimewapa bure."

Khadidja hakuelewa yote, lakini alielewa ya kutosha. Akakaa chini na mfuko wake wa nyama. "Nimemupigia simu," akasema. "Nimemusikilizisha. Nimemuambia kesho arudi."

Hawakupata muda wa kusema zaidi. Simu ililia, ilikuwa Rumonge. Khadidja aliitazama kama kitu kinachouma, akampa mumewe.

"Papa! Nimekusikia! Nimeshafunga vitu vyote. Mama mukubwa amesema nipande gari ya asubuhi. Papa, kweli ulikuwa unaniita mi? Watoto huku wanasema ni redio."

Khadidja alifunika mdomo kwa kitenge. Kulikuwa na neno moja la kweli, na Shakuru alikuwa nalo mdomoni. Akalimeza.

"Si redio, mama," akasema. "Nilikuwa nakuita. Kuja."

~

Jumatatu Léonce alimwona Shakuru akikaribia stoo akajua kumekucha. Alikuwa ameandaa maneno: bei, wateja, zama. Alikuwa tayari hata kutukanwa, na moyoni alitamani atukanwe yaishe.

"Ile nafasi ya kubeba iko bado?" Shakuru akauliza.

"Iko. Shakuru, mi nilitaka..."

"Jumamosi saa ngapi?"

Jumamosi alivaa shati jeupe, akajifunga gitaa mgongoni. Ilibidi alibebe, kwa sababu Soumaya alikuwa ameketi kizingitini na wenzake wa mtaa, nywele zimesukwa upya, akiwaeleza jinsi baba yake anavyosikika mpaka Rumonge.

"Papa, leo utapiga ile yangu?"

"Utaambiwa na watu wa harusi, mama. Inawafurahisha sana."

Penye lori alilisukuma gitaa nyuma ya kiti, akalifunika kwa nyaya. Mawazo alikuwa amekwisha kuinua upande mmoja wa spika. Akaushusha, akazunguka.

"Shika ule nilikuwa nashika," akamwambia. "Ni mwepesi."

Ukumbini walipanga vyombo, kisha wakaketi nyuma ya spika juu ya kreti tupu, mahali ambapo wageni hawaoni. Muziki ukaanza. Gitaa lilikuwa zuri. Shakuru, ambaye hajawahi kulisikia gitaa lake akiwa msikilizaji, hakuweza kulikanusha. Mwanamke mmoja wa kwenye meza ya karibu alimwambia mumewe, "Sikia uyo wa gitaa, anajua!" na wote wawili wakanyoosha shingo kumtafuta jukwaani.

Jua liliposhuka, Léonce akabonyeza kile kitufe. Kile kipande kikatoka kwenye spika ileile Shakuru aliyoibeba, karibu na sikio lake, na kabla hajajua anafanya nini alikuwa amesimama, kama vile Soumaya alivyozoea kutupa kamba ya kuruka alipoitwa. Alitazama mlangoni.

Mawazo akamvuta shati taratibu.

"Kaa, ndugu," akasema. "Akuna mutu anakuita."

Akakaa.